Muvyara Hashitakiwi

Kwanza nieleze muvyara ni nani, maana bila hilo mtanihukumu haraka, na mimi napenda kuhukumiwa taratibu. Mtoto wa shangazi yako ni muvyara wako. Mtoto wa mjomba wako vilevile. Kwetu Burundi huyo ni mtu uliyepewa umtanie tangu ulipozaliwa, na yeye kapewa wewe. Unaweza kumwambia kichwa chake kimechongwa na fundi mlevi. Unaweza kumwondolea samaki sahanini huku anatazama. Siku ya harusi yake unaweza kusimama mbele ya wageni ukawauliza wakwe kama kweli wamekosa mwingine. Hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, mwenye kosa ni yeye.

Nilipokuwa na miaka tisa babu alifariki, na kabla hawajafukia akaja muvyara wake, mzee mmoja wa milimani aliyeteremka kwa miguu tangu alfajiri. Hakumpa mtu pole. Alisimama ukingoni mwa kaburi akaanza kulisema sanduku: kwamba babu alikuwa mvivu wa kutembea maisha yake yote, na leo ameona afadhali abebwe na watu sita, kwamba amekimbilia chini ili asipalilie mihogo. Shangazi, aliyekuwa amelia mpaka sauti imekauka, alicheka. Alicheka kamasi zikimtoka, akamshika yule mzee mkono, na kutoka hapo akaweza kusimama mwenyewe. Mama yangu, mtu wa Baraka, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, alimwuliza baba kwa sauti ya chini kama kwao watu wanazikwa kwa matusi. Baba akamjibu kwamba maiti isiyotukanwa na muvyara haikuwa na watu.

Basi siku ile nikaiona kazi ya maisha yangu. Wenzangu darasani walitaka kuwa daktari, au afisa wa forodha mwenye tumbo. Mimi nilitaka kuwa yule mzee. Kwamba mimi ni msichana halikunisumbua. Mama ndiye aliyesumbuka, akisema mdomo kama huu utakuja kuolewa na nani.

Muvyara wangu mimi ni mtoto wa pekee wa shangazi huyohuyo. Tumezaliwa mwaka mmoja, kwao ni nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Rumonge, na tangu shule ya msingi tumekuwa darasa moja. Yeye alinitania kwa mdomo: alisema siku niliyozaliwa kilitoka kicheko kwanza, mtoto akafuata baada ya nusu saa. Mimi nilimtania kwa mengi, na kubwa kuliko yote lilikuwa kifafa chake.

Naomba msiondoke bado.

Kifafa kilimshika akiwa na miaka saba. Hapa kwetu kinaogopwa. Wanasema povu lile likikugusa nawe umekwisha, kwa hiyo mgonjwa akianguka sokoni watu wanatawanyika kama kuku walioona mwewe. Kituo cha afya walimpa vidonge vyeupe. Vidonge vikiwepo alikaa hata miezi miwili bila kuanguka. Vikiadimika, alianguka mara mbili kwa wiki. Sasa mfikirie kijana wa pwani hii mwenye ugonjwa huo. Mtumbwini hapana, hakuna mvuvi atakayepakia mtu wa kuanguka majini. Kupanda mchikichi na mkanda kiunoni kukata mikungu, hapana. Kubeba abiria kwa pikipiki, hapana. Kazi yoyote yenye moto, hapana. Shangazi alizihesabu kazi zote za Rumonge kwa vidole, akabakiwa na kidole kimoja: kalamu. Mtoto wake atasoma mpaka diploma, atakaa ofisini kwenye kiti chenye mikono miwili, na akianguka ataangukia karatasi. Ndivyo alivyosema, mbele ya yeyote aliyesimama kumsikiliza, na alikamua mawese misimu yote kwa ajili ya kiti hicho.

Na kweli jamaa alikuwa na akili. Hesabu alizimaliza mwalimu bado anatafuta chaki. Alikuwa na mwandiko wa kulalia upande, mzuri, hadi walimu walimwita akaandike matangazo ya shule.

Alikuwa na dalili yake. Muda mfupi kabla ya kuanguka alishika kola ya shati kwa mkono wa kushoto, akatazama juu, midomo ikaanza kutafuna kitu kisichokuwepo. Tulipoingia darasa la saba alisimama mwenyewe akatufundisha sote: mukiniona nashika kola, kujeni. Mmoja anishike mgongo, munilaze ubavu, ondoeni viti, musinitie kitu mdomoni, ngojeni. Povu haliambukizi, akasema, na anayebisha atazame huyu muvyara wangu. Nimemtemea mate miaka yote na ugonjwa wake ni uleule wa kuropoka. Tulizoea. Akishika kola, viti vilisogea kama vyenyewe, na baada ya dakika tano tuko tena kwenye somo.

Na mimi nilimwiga. Nyumbani kwa shangazi, baada ya kula, nilishika kola, nikatazama bati, nikatafuna hewa, nikajitupa mkekani. Kisha nikafumbua macho na kuuliza, "Nani amekula nyama yangu?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kila akizinduka, alizinduka akidhani tumemwibia chakula, hata kama siku hiyo tulikula maharage. Yeye alicheka kuliko sisi wote. Alinisahihisha: hapana, mguu wa kushoto ndio unaanza. Shangazi naye alicheka, lakini alicheka akitazama pembeni. Hilo niliona. Sikumwuliza.

Mwaka jana mwalimu wetu wa uraia alikuwa na kawaida ya kutugawa pande mbili Ijumaa mchana tubishane. Ijumaa moja akaandika ubaoni: je, sheria ikataze vichekesho vinavyowacheka wagonjwa, walemavu na wanyonge? Mimi akaniweka upande wa kusema isikataze. Nadhani alitaka watu wacheke kidogo, joto lilikuwa kali. Habari ilienea kwamba nitasema, na madarasa mengine yakaja, wengine wakakaa madirishani.

Upande wa pili ulianza na msichana mpole wa kiti cha mbele, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alisema kicheko ni kama maji ya ziwa. Ukichota kikombe, unakunywa. Yakipanda yenyewe, yanakuja kukutoa nyumbani kwako. Alisema mtu mwenye nguvu akichekwa ana kiti chake cha kukalia, ana ndugu, ana fimbo; mnyonge akichekwa hana pa kukimbilia, ndiyo maana anaitwa mnyonge, na sheria ndiyo fimbo ya asiye na fimbo. Alisema vizuri. Hakuna aliyepiga makofi, maana alisoma kwenye karatasi na hakuinua macho.

Mimi nilisimama bila karatasi. Kwanza nikamwiga mudirekta, mkuu wa shule yetu, anavyopanda ngazi akishika suruali, ili kuwasha moto. Halafu nikatoa hoja. Nikasema sheria haijui nani anapenda nini. Leo itanikataza kumcheka mgonjwa, kesho itanikataza kumcheka mkubwa, na keshokutwa tutacheka kwa kibali chenye muhuri. Nikasema mnamwonea mgonjwa huruma bila kumwuliza. Mgonjwa yuko hapa, tumwulize. Nikashika kola.

Nilifanya yote. Sijawahi kuigiza vizuri vile, na sitawahi tena. Darasa lote lilipasuka kwa kicheko. Kuna mtu aliyeanguka dirishani. Niliposema nani amekula nyama yangu, hata mwalimu alikuwa amejifunika uso kwa daftari la mahudhurio. Kisha nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikamgeukia muvyara wangu mbele ya watu wote nikamwuliza kama ameumia. Akasimama akiweka shati lake sawa. Alisema ameumia kweli, ameumia kuona mtu anaanguka vibaya namna ile na ameshafundishwa miaka kumi.

Tulishinda. Msichana mpole alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni.

Simu haziruhusiwi shuleni kwetu, kwa hiyo ilikuwepo moja tu, ya mvulana aliyekaa nyuma. Alirekodi yote. Jioni akaketi akaikata: akatupa hoja zangu zote, akabakiza kutoka kola mpaka nyama, na mahali pa kutazama juu akatia makofi matatu na ngoma. Kitu kifupi, hata chai haipoi. Hoja zangu hazikusafiri hata mpaka sokoni. Iliyosafiri ni kola.

Ilifika Magara kwa wauza samaki. Ilifika Kigwena. Madereva wa basi waliipeleka mpaka Kabezi na kupita. Haikuisha wiki mbili, watoto wanaouza karanga pale stendi walikuwa wanaicheza: makofi matatu, kola, macho juu, chini. Kwenye harusi moja niliona bwana harusi mwenyewe anaicheza na suti yake. Mimi nilitembea mjini kama mtu aliyevumbua chumvi.

Yeye pia mwanzoni alifurahi. Watu waliokuwa wanamkwepa barabarani walimwita, wewe ndiye wa kola, wakamshika mkono, mkono uleule waliouogopa. Aliniambia nimemfanya nyota na mimi nikabaki nyani. Halafu siku moja tulipita penye watoto wa miaka mitano, sita, wakamwona, wakapiga makofi matatu, wakaanguka wote mavumbini kama miwa iliyokatwa, wakamngoja. Walitaka na yeye aanguke. Aliwatazama, akaendelea kutembea, na njia nzima hakunitukana. Nilipaswa kuogopa ukimya ule.

Mama ndiye aliyeogopa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Ule mutoto ni muvyara wako weye moja," alisema. "Bale bengine bote, ni bavyara bake ba wapi?"

Nilikuwa nawaza mzee mmoja wa posta anayetembea kama bata, kama ningeweza kumwiga.

Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa michikichi. Rafine ni kiwanda chetu kidogo cha mawese: bati juu ya nguzo, mapipa ya kuchemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi, moto chini yake, na mashine ya kukamulia ambayo watu wanaizungusha kwa kusukuma gogo. Muvyara wangu alimpelekea mama yake chakula. Alikuwa na mahali pake pale, jiwe la nje kabisa, mbali na moto. Kila mtu wa rafine alijua kwamba hapiti jiwe lile. Lakini mvua ilikuja kwa kishindo na watu wote wakaingia chini ya bati, yeye pia. Shangazi alikuwa upande wa pili wa mashine, anasukuma. Kelele ya mvua juu ya bati mnaijua.

Akashika kola.

Kijana mmoja anayebeba mikungu ndiye aliyenisimulia, siku nyingi baadaye, akitazama miguu yake. Walikuwa watu saba karibu yake. Zamani wangekimbia kwa kuogopa povu, na wakikimbia angalau wangemwita shangazi. Siku ile hawakukimbia. Walipiga makofi, matatu, kwa pamoja. "Tulijua huyu ni wa video," aliniambia. "Tulisema leo tumemupata mwenyewe." Alipoanguka, mkono wa kulia uliingia chini ya pipa, kwenye makaa, na wao waliendelea kusimama na kucheka. Walikuwa wanangoja aulize nyama yake.

Shangazi ndiye aliyesikia harufu.

Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunga bendeji mpaka kiwiko. Alikuwa macho. Aliniona mlangoni, akautazama ule mkono, akaniambia kwa sauti ya kukwaruza kwamba safari hii nyama imeliwa kweli. Na mimi nikacheka. Mwili ulicheka kabla sijauuliza, kama goti linavyoruka likigongwa. Shangazi alikuwa ameketi upande wa kichwani. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza.

Vidole vitatu vimeshikana. Kidole gumba kimebaki lakini hakikunjiki. Ni mkono ule wa mwandiko wa kulalia.

Shangazi alikwenda kwanza polisi. Alichotaka ni kimoja, sheria au amri, chochote chenye muhuri, kisemacho kwamba mchezo ule ni marufuku Rumonge na anayeucheza atozwe faini. Hakutaka mtu afungwe. Alitaka mtoto wake akishika kola, mtu amshike. Afisa alimsikiliza kwa adabu, akamwuliza amshitaki nani. Waliopiga makofi rafine? Walisema hawakujua. Wanaocheza mitaani? Alete orodha. Aliyeanzisha? Shangazi akasema aliyeanzisha ni mtoto wa kaka yake. Afisa akaweka kalamu chini, akamwambia hayo ni mambo ya ukoo, aende kwa wazee wa mtaa.

Wazee wa mtaa, bashingantahe, walikaa Jumapili baada ya misa. Mimi nilikwenda bila kuitwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka wanitoze kitu kizito, nilime mashamba yao yote, nisimame sokoni nikiwa na bango, sijui, chochote ambacho kingenichukua siku nyingi na kuniumiza mgongo.

Wakamwita muvyara wangu kwanza, maana mlalamikaji lazima awe aliyeumia. Alisimama na mkono wake kwenye kitambaa.

"Huyu iko muvyara wangu," akasema. "Siwezi kumushitaki."

Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. Mmoja akasema kijana amelelewa vizuri, kwa sababu angemshitaki muvyara kwa utani, yeye ndiye angeagizwa kuleta pombe ya ndizi. Watu wakatabasamu kidogo. Hivyo ndivyo inavyosemwa siku zote, ni mzaha wa zamani.

Shangazi akasimama akasema hazungumzi juu yangu. Anazungumza juu ya wale wengine, wa mitaani, wa Magara, wa kila mahali, ambao si wavyara wa mtu yeyote hapa. Mzee mkuu akasema haki ni kuona, basi waione hiyo video. Shangazi hakuwa nayo. Baba hakuwa nayo. Karani wa wazee akainua mkono, akasema anayo.

Waliizunguka ile simu, wazee watano, wamevaa makoti ya misa. Makofi matatu yakasikika. Mimi nilikuwa nawatazama mabega, kwa sababu mtu kama mimi anajua pa kutazama. Mabega ya wa kwanza yalitikisika. Wa pili akaweka kofia mdomoni. Mzee mkuu alijikaza mpaka kwenye nyama, pale akakohoa, na kikohozi kile nakijua, nimekitoa kwa watu mara mia. Hawakuwa watu wabaya. Ilikuwa inachekesha. Hilo ndilo jambo ambalo sijui nilifanyie nini mpaka leo: ilikuwa inachekesha kweli.

Muvyara wangu naye alikuwa anawatazama. Uso wake haukuwa na kitu.

Waliporudi kukaa, mzee mkuu alimwambia shangazi, kwa upole kabisa, "Mama, hawa watoto banafanya nini? Banashika kola. Niandike kwamba ni marufuku kushika kola? Kesho mutu atashika kola kwa joto, tumufunge?"

Hapo nikasimama. Nikasema basi mnitoze mimi, mimi ndiye niliyeifanya iwe mchezo, andikeni jina langu.

"Weye kaa," akasema. "Kosa lako haliko."

Nikakaa. Shangazi alikunja kitenge chake, akatoka kabla hawajafunga kikao.

Shuleni walichukua hatua, lazima niseme. Muhula uliofuata prefe wa nidhamu, mwalimu anayesimamia adabu, alibandika karatasi mpya mlangoni, na mimi nilikuwa wa kwanza kuisoma, nina matumaini. Ilisema ni marufuku kumwiga mwalimu, mudirekta au kiongozi yeyote kwa namna ya kuchekesha, ndani ya shule au kwenye simu. Nikaisoma tena nikitafuta mstari wa wagonjwa. Nilikwenda ofisini kwake, nikamwomba aongeze neno moja. Aliniambia viongozi wamelalamika, wagonjwa hawajalalamika. Alisema bila ubaya. Alikuwa anatafuta gundi.

Nimeifikiria sana ile hoja niliyoshinda. Kama sheria ingekuwepo siku ile, ningeitii? Hapana. Ningefanya vilevile, na ningeongeza chumvi, maana kicheko kilichokatazwa kina utamu wake. Kwa hiyo sheria isingeuokoa mkono. Najua pia ikija inakuja na nani: inakuja kulinda ngazi za mudirekta. Haya yote niliyasema nikiwa nimesimama mbele ya watu na yamekuwa kweli, hakuna hata moja lililokosea, na sijui nimewahi kujichukia kwa jambo lolote kama ninavyojichukia kwa kuwa sikukosea. Lakini shangazi aliingia kwa wazee mikono mitupu, akatoka mikono mitupu. Na muvyara wangu, kila mahali alipopelekwa kuulizwa kama ameumia, aliyemuumiza alikuwa mtu ambaye hana ruhusa ya kumkasirikia. Sisi tulimpa mila, na mila ikamfunga mdomo. Mimi mwenyewe nilimwuliza mbele ya darasa zima. Angejibu nini?

Shangazi alimpeleka Kabezi kwa ndugu wa marehemu mume wake, akaanze shule upya mahali asipojulikana. Alikuwa ameanza kujifunza kuandika kwa kushoto, herufi kubwakubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini alikuwa anaandika. Aliondoka na begi jipya. Alikaa siku tisa. Siku ya tisa mwalimu wa huko alimwita ubaoni, akasimama, na kwa sababu shati lilikuwa jipya na linabana shingo, akajilegeza kola. Hakuwa anaanguka. Alikuwa anajilegeza kola tu. Darasa zima likapiga makofi matatu.

Alirudi na basi la mchana. Wala hakusimulia, tuliyasikia kwa yule ndugu.

Likizo yote nilinakili madaftari. Masomo yote ya mwaka, kwa mwandiko wangu mbaya kuliko wote, nikijitahidi ulalie upande. Nilikuwa na mpango. Ningemsomea, angeniambia majibu, tungeomba aruhusiwe mtu wa kumwandikia kwenye mtihani wa taifa, mwalimu wa uraia alisema huenda inawezekana. Mwezi wa tisa shule ikafunguliwa, kiti chake kikabaki wazi wiki ya kwanza, na ya pili. Jumatano ya wiki ya tatu niliyafunga madaftari kwa kamba nikashuka nayo ufukweni.

Shangazi alikuwa amemtafutia kazi. Ni ile ya kulinda ndagala wakikauka: samaki wadogo wanatandazwa kwenye vichanja vya nyavu, na mtu anakaa hapo kutwa na tete refu kuwafukuza kunguru na kuku. Hakuna moto pale, na maji yako mbali. Akianguka, ataangukia mchanga. Kwa kawaida inafanywa na bibi vizee na watoto wasioanza shule. Alikuwa ameketi kati ya bibi wawili, tete mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameuficha ndani ya shati.

Nikaanza kwa mbali, kama siku zote. Nikasema nilisikia wamemwajiri kunguru mkubwa awalinde ndagala dhidi ya kunguru wadogo. Bibi mmoja akacheka. Nikasema pia kwamba hata samaki wanaomba wakaushwe haraka wasiendelee kumtazama.

Yeye alisimama. Alilaza tete chini, akasimama wima, kama mtu anavyomwinukia mgeni.

"Amahoro, dada," akasema. "Habari za nyumbani? Baba na mama bazima?"

Huyu mtu ameniita nyani, ameniita ngoma iliyotoboka, ameniita bomba la maji ya mvua. Hajawahi kuniita dada. Dada hataniwi. Nikacheka, nikamwambia aache upumbavu. Akangoja nimalize kucheka. Kisha akauliza tena, kwa sauti ileile, kama nyumbani wako salama.

Nikasema wako salama. Nikampa madaftari. Aliyapokea kwa kushoto, na akautoa ule mkono wa kulia ndani ya shati akaugusisha kwenye kiwiko, jinsi tunavyopokea kitu kwa mtu tunayemheshimu, na vile vidole vilivyoshikana nikaviona kwa karibu kwa mara ya kwanza bila bendeji. Akasema murakoze, ile asante ya heshima. Akayaweka chini ya kichanja penye kivuli, akayafunika kwa gunia yasipate mchanga, kwa uangalifu wote, kama mzigo wa mtu ulioachwa kwako mpaka mwenyewe aurudie.

"Nitukane," nikamwambia. "Nitukane hata kidogo."

"Siwezi kukutukana, dada."

Nikamwuliza kama atarudi shule. Akasema hapana. Aliniomba radhi kwamba yuko kazini, akaokota tete, na akaniomba nisogee kidogo, kwa sababu pale niliposimama nilikuwa nimewawekea samaki kivuli.